Somo la Mazingira: Kambi ya Wageni ya Familia na Amana ya Kisima

Utalii katika Zanzibar haukubakia mjini na katika mahoteli ya ufukweni peke yake. Zipo familia za shamba ambazo zimetenga sehemu ya viambo vyao kwa ajili ya kupokea wageni: mabanda mawili matatu ya makuti, uwanja wa kupiga mahema chini ya miembe na minazi, jiko la nje, na watu wa nyumba wenyewe ndio wapokezi, wapishi na waongozaji. Kazi hii ni ya halali na ina tija. Fedha ya mgeni huingia moja kwa moja mkononi mwa familia, ikasaidia mahitaji ya skuli, matibabu na matengenezo ya nyumba.

Hata hivyo, kambi ya namna hii husimama juu ya vitu ambavyo familia haikuvinunua, na wala haiwezi kuvinunua vikishapotea. Vitu hivyo ni maji matamu yaliyo chini ya ardhi, kivuli cha miti, udongo na hewa safi. Mgeni hukaa siku tatu akaondoka. Familia na majirani zake hubaki na kisima kile kile. Madhumuni ya somo hili ni kueleza namna familia inavyoweza kuendesha kambi yake bila ya kuipoteza amana hiyo. Yaliyomo yanawahusu wenye kambi tayari pamoja na wale wanaokusudia kuanzisha.

MAJI MATAMU YANAVYOKAA CHINI YA KISIWA

Sehemu kubwa ya maji yanayotumika Unguja na Pemba hutoka chini ya ardhi. Mvua inaponyesha, maji huzama na kukusanyika juu ya maji ya chumvi ambayo yameingia chini ya kisiwa kutoka baharini. Maji matamu huelea juu kwa sababu ni mepesi kuliko maji ya bahari. Wataalamu wa maji wana kanuni moja inayofaa kujulikana na kila mwenye kisima: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo.

Maana ya kanuni hii ni nzito. Ikiwa uso wa maji kisimani utashuka kwa sentimita 10 kwa sababu ya kuvutwa kupita kiasi, na ukabakia hivyo, maji ya chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi cha mita 4. Mwenye pampu haoni jambo lolote kwa macho. Huanza kwa chai kubadilika ladha na sabuni kukataa kutoa povu. Kisima kikishaingia chumvi, kukirejesha katika hali yake huchukua miaka mingi, na pengine hakirejei katika umri wa aliyekichimba.

Jambo la pili ni aina ya ardhi. Sehemu za mashariki na kusini ya Unguja, na baadhi ya maeneo ya Pemba kama vile Micheweni, ardhi yake ni ya maweni. Mwamba huu una matundu, nyufa na mapango, na udongo wake wa juu ni mdogo. Maji hupita haraka bila ya kuchujwa. Kwa hivyo, karo la choo lisilosakafiwa chini, likichimbwa katika maweni, humwaga uchafu wake katika maji yale yale yanayokwenda visimani. Kanuni ya kuweka masafa ya mita 30 baina ya choo na kisima ni nzuri, lakini katika ardhi yenye nyufa masafa peke yake si dhamana.

Hatari hii si ya kukisia. Mripuko wa kipindupindu ulioanza Septemba 2015 na kuendelea katika mwaka wa 2016 uliwapata zaidi ya watu 4,000 katika Zanzibar. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula vilivyoingia kinyesi. Kambi inayoongeza watu kumi na wawili juu ya familia ya watu wanane imezidisha mzigo wa choo chake zaidi ya maradufu, na ardhi iliyo chini yake ni ile ile.

Kuhusu matumizi, taasisi iliyojulikana kwa jina la Tourism Concern ya Uingereza ilichapisha mwaka 2012 matokeo ya uchunguzi uliohusu Kiwengwa, Nungwi na Jambiani. Nyumba moja ya wenyeji ilitumia kwa wastani lita 93.2 za maji kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ndogo ya wageni kilitumia lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano kilifikia lita 3,195. Aghalabu watu huyanyooshea kidole mahoteli makubwa peke yake. Inafaa ieleweke kwamba hata chumba cha nyumba ndogo kilitumia maji zaidi ya mara saba ya nyumba nzima ya mwenyeji. Udogo wa biashara hauondoi wajibu.

HESABU YA MAJI KABLA YA HESABU YA VITANDA

Wageni huwa wengi mwezi wa Julai na Agosti, na tena mwisho wa Disemba na Januari. Julai na Agosti ni miezi ya mvua chache. Hivyo kisima huvutwa zaidi wakati ambapo mbingu hazikirejeshei kitu. Dawa ya tatizo hili ni kuyaweka maji ya masika hadi wakati wa haja, kama walivyofanya wazee waliojenga mabirika misikitini na majumbani.

Ichukuliwe mfano wa kambi yenye wageni 12 kwa siku 60. Mgeni anayetumia choo cha kuvuta maji chenye tangi la lita 9, akakivuta mara 5, ametumia lita 45. Akioga chini ya bomba linalotoa lita 10 kwa dakika, kwa dakika 8, ametumia lita 80. Kwa kupikiwa, kuoshewa vyombo na kufuliwa mashuka, ziongezwe lita 25. Jumla ni lita 150 kwa mtu, lita 1,800 kwa siku kwa kambi nzima, na lita 108,000 kwa siku 60.

Kambi hiyo hiyo ikitumia choo kikavu, na mgeni akaoga kwa ndoo ya lita 20 na kata yake, akatumia lita 5 kwa kunawa na kutawadha, lita 10 kwa chakula na vyombo, na lita 5 kwa nguo, jumla ni lita 40 kwa mtu. Kwa wageni 12 ni lita 480 kwa siku, na kwa siku 60 ni lita 28,800. Tafauti ya hesabu hizi mbili ni karibu mara nne, na mgeni hakupungukiwa na usafi wala heshima.

Sasa yaangaliwe mapato ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la bati lenye mita za mraba 100, ambalo ni jumla ya paa la nyumba ya familia na la jiko, likipata milimita 600 katika msimu wa masika, hupokea lita 60,000. Zikiondolewa asilimia 20 zinazopotea, hubaki lita 48,000. Birika lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kina cha mita 2 huchukua lita 32,000. Birika moja basi linatosha kuwahudumia wageni wote wa siku 60 bila ya kuchota kisimani hata ndoo moja.

Mambo ya kuzingatia katika kazi hii ni haya yafuatayo:

1. Milizamu isafishwe kabla ya masika, na maji ya mvua ya mwanzo yamwagwe, kwani huosha vumbi na vinyesi vya ndege juu ya paa.

2. Birika lifunikwe vyema na tundu lake la hewa litiwe wavu, ili mbu wasizaliane humo na kuleta malaria.

3. Maji yanayotoka paa la makuti huwa na rangi na takataka, kwa hivyo yapitishwe katika chujio la mchanga na changarawe. Yatumike kwa kuogea na kufulia.

4. Maji ya kunywa yachemshwe, yakiwa ya mvua au ya kisima.

5. Anayetumia pampu aweke tangi la juu na alijaze mara moja kwa siku kwa kiasi kilichopimwa, asiiachie pampu ivute wakati wowote mtu anapofungua mfereji.

CHOO NA MAJI MACHAFU

Choo kikavu hakihitaji maji ya kuvutia. Chini yake hujengwa vyumba viwili vilivyosakafiwa, visivyopitisha maji. Kimoja hutumika na kingine hufungwa. Kila baada ya matumizi hutiwa kata moja ya majivu, majani makavu au udongo mkavu. Hii huzuia harufu na nzi, na husaidia uchafu kuoza na kuwa mboji. Chumba kikijaa hufungwa kwa muda usiopungua miezi 12, na cha pili kikaanza kutumika. Mboji inayotoka humo izikwe katika mashina ya migomba na miti ya matunda. Isitumike katika mchicha, kachumbari au mboga yoyote inayokaa karibu na udongo.

Kwa kuwa wenyeji wengi na baadhi ya wageni hujitoharisha kwa maji, ni lazima maji hayo yatengewe njia yake, yasiingie ndani ya chumba cha mboji. Chumba kikirowa, uchafu hauozi ipasavyo na harufu hutoka. Familia nyingi zilizojaribu choo cha aina hii na kukikataa hazikufundishwa jambo hili dogo.

Maji ya jikoni na bafuni nayo yasielekezwe shimoni. Yapitishwe kwanza katika kitega mafuta, kisha katika kitanda cha changarawe na mchanga kilichopandwa migomba au matete, mbali na kisima. Mizizi hunywa maji na mchanga huchuja sehemu ya uchafu. Sabuni itumike kwa kiasi.

Anayedhani kuwa mambo haya hayawezekani atazame Chumbe, kisiwa kilichopo kusini ya mji wa Zanzibar, ambacho miamba yake ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1994. Kisiwa hicho hakina kisima cha maji matamu. Mabanda yake 7 ya wageni hukusanya maji ya mvua kutoka mapaani na kuyahifadhi chini ya sakafu, huwa na vyoo vya mboji, hupitisha maji yaliyotumika katika vitanda vya mimea, na hutumia umeme wa jua. Mradi ule ulikuwa na mtaji ambao familia ya shamba haina. Lakini mlizamu, birika, majivu na changarawe ni vitu vya kila kijiji.

MOTO NA TAA

Wageni wa kambi hupenda kukaa mbele ya moto wakati wa usiku. Moto mmoja mdogo wa pamoja unatosha. Kila hema kuwa na moto wake ni israfu. Kuni zisitoke katika mikoko wala katika msitu wa hifadhi. Mikoko huzuia mmong'onyoko wa pwani na ni mazalio ya samaki na kamba, na Sheria ya Misitu ya 1996 inataka kibali kwa ukataji wake. Familia ipande mivinje pembezoni mwa shamba lake, sehemu kila mwaka, ili baada ya miaka michache iwe inakata sehemu moja na nyingine zikiendelea kukua. Vifuu na makumbi ya nazi, ambavyo mara nyingi huachwa vikarundikana, ni kuni nzuri.

Jikoni, jiko banifu la udongo lililozibwa pembeni hupunguza kuni zinazotumika kuliko mafiga matatu yaliyo wazi. Kunde na mbaazi zikirowekwa usiku huiva kwa moto mdogo. Chungu kifunikwe, na kuni zikaushwe chini ya paa kabla ya masika. Faida ya mambo haya si ya msitu peke yake. Mapafu ya mama anayepika kwa watu ishirini ndiyo ya mwanzo kupumzika na moshi.

Kuhusu taa, wakaazi wa Unguja hawajasahau kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka Tanzania Bara ulipokosekana kwa muda wa miezi mitatu. Majenereta yalinguruma usiku na mchana, na gharama ya mafuta ikameza faida ya wengi. Kambi ndogo haihitaji jenereta kwa ajili ya taa. Taa 10 za LED zenye wati 5 kila moja, zikiwashwa kwa saa 5, hutumia wati-saa 250. Paneli moja ya wati 100, ikipata saa 4 za jua kali, huzalisha wati-saa 400 kabla ya upotevu. Betri iliyokwisha isitupwe shambani, kwani ina risasi na tindikali. Irejeshwe kwa muuzaji.

Kambi iliyo karibu na ufukwe ielekeze taa zake chini na nchi kavu. Vifaranga wa kasa wanapototolewa usiku hufuata mwanga, na taa za ufukweni huwapoteza njia ya baharini. Pia mabanda yakijengwa kwa kuzingatia upepo wa kusi na wa kaskazi, yenye madirisha yanayokabiliana, feni hazihitajiki kwa sehemu kubwa ya mwaka.

TAKA ZA KAMBI

Zanzibar ina historia yenye mafunzo katika jambo hili. Katika miaka ya 1890 aliletwa kunguru kutoka India ili asaidie kula taka za mji. Taka hazikwisha, na kunguru akaenea kisiwa kizima, akiiba vifaranga vya kuku na mayai ya ndege wa asili hadi leo. Taka zilizoachwa wazi kambini humwalika kunguru huyo pamoja na panya. Dawa ni kupunguza taka kwenye chanzo chake.

Mabaki ya chakula wapewe kuku na mbuzi, na yaliyobakia yatiwe katika shimo la mboji lenye kifuniko. Soda na maji zinunuliwe katika chupa za kurejeshwa kila inapowezekana, na mgeni atiliwe maji yaliyochemshwa katika mtungi au chupa yake mwenyewe badala ya kuuziwa chupa ya plastiki kila saa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006. Kambi haina sababu ya kuwa nayo. Plastiki isichomwe, kwani moshi wake una sumu, wala isifukiwe katika maweni. Ikusanywe katika gunia na ipelekwe panapopokelewa taka. Yule mgeni aliyekuja na betri za tochi na makopo ya dawa anaweza kuombwa kwa adabu aondoke navyo.

IDADI YA WAGENI

Yote yaliyotangulia huharibika ikiwa familia haitajiwekea kikomo. Birika la lita 32,000 linawatosha wageni 12 kwa siku 60. Wakiwa 24 litakauka kwa siku 33. Choo kilichojengwa kwa watu 20 hakigeuki kuwa cha watu 40 kwa sababu msimu umekuwa mzuri. Kikomo hupangwa kwa kipimo cha maji na choo, hakipangwi kwa wingi wa nafasi ya mahema. Kiandikwe na kila mmoja katika familia akijue, akiwemo kijana anayepokea simu, na siku kilipofika aweze kusema kuwa nafasi imejaa.

Kumkatalia mgeni mwenye fedha mkononi ni jambo zito kwa familia yenye mahitaji. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni ndiye msala upitao, na kisima ndicho mbachao. Kisima hicho, aghalabu, si cha familia peke yake. Jirani asiyepata hata senti moja ya utalii hunywa maji ya mwamba ule ule, na yakiingia chumvi au maradhi, yeye ndiye atakayelipa gharama ya biashara isiyokuwa yake. Kambi inayomlinda jirani huyo imejijengea ulinzi bora kuliko ukuta.

Mgeni naye aelezwe mambo haya anapofika, kwa maneno machache na kwa uso mkunjufu: kwa nini anaoga kwa ndoo, kwa nini kuna majivu chooni, kwa nini moto ni mmoja. Wengi waliochagua shamba badala ya hoteli wamekuja kujifunza maisha ya wenyeji, na hupokea maelezo hayo vizuri wakielezwa mapema.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kisima cha familia kina kina gani cha maji wakati wa masika, na kina gani mwezi wa Agosti? Nani anakipima kwa kamba na kuandika?

2. Paa la bati la nyumba lina mita za mraba ngapi, na mvua yake inakwenda wapi hivi sasa?

3. Karo la choo limesakafiwa? Lipo masafa gani na kisima cha familia na cha jirani?

4. Kuni za mwezi mmoja zinatoka wapi, na miti mingapi imepandwa badala yake?

5. Kikomo cha wageni ni wangapi, na kimepatikana kwa hesabu gani?

TANBIHI KWA WANANCHI

Familia inayokusudia kuanzisha au kupanua kambi ya wageni inashauriwa kuanza kwa Sheha wa Shehia yake, ili majirani nao wapate kusikilizwa kabla ya ujenzi. Masuala ya leseni yapelekwe Kamisheni ya Utalii. Ushauri wa mazingira utafutwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2015, na mambo ya uchimbaji wa visima kwa Mamlaka ya Maji. Ni bora kuuliza kabla ya kuchimba, kwani shimo lililokwisha kuchimbwa katika maweni halizibiki kwa urahisi.